Neno la Kwanza la Mnadi

Mambo yalianza Jumanne, tarehe 11 Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja mjini Mbeya. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana hadithi hii ni ya koo, na mwishoni nitawaomba jibu.

Watu watatu wanaotuhusu walikuwa kazini saa hiyo, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Mzee Lugano, mtaalamu wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa na kumlinda mpaka aamke. Kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Lolote lililosemwa ndani ya chumba cha upasuaji aliweza kulirudia neno kwa neno hata baada ya wiki, pamoja na pumzi zilizovutwa katikati. Wauguzi walimwita Kaseti.

Wa pili alikuwa Sista Bupe, muuguzi wa upasuaji. Kipaji chake kilikuwa masikio, na ulimi haukuwa mbali nyuma. Hakuna neno lililompita bila kuligeuza aone upande wa pili. Ukimwambia, "Sista, nipe mkono," atakuuliza kama unataka wa kulia au wa kushoto, na kama utaurudisha.

Wa tatu alikuwa Asajile, fundi wa vifaa tiba, ambaye karakana yake ilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia mashuka. Kipaji chake kilikuwa mikono. Maneno yake yalikuwa machache kiasi kwamba mkewe alizoea kusema Asajile alimposa kwa kumtengenezea pasi.

Katikati yao alisimama Dokta Sekela, daktari bingwa wa masikio, pua na koo, bado kijana, mtu wa kukagua kila kitu mara mbili. Mkumbukeni, kwa sababu mzigo wa hadithi hii utamwangukia yeye.

Na juu ya meza alilala Mwaisumo, ambaye soko zima la Mwanjelwa linamwita Mnadi. Mnadi huuza mitumba kwa sauti. Wengine wana mabango na vipaza sauti. Yeye alisimama juu ya belo la nguo na kuita, na mtu aliyekuja kununua vitunguu akaondoka na koti. Lakini vinyama vilikuwa vimeota kwenye nyuzi zake za sauti, na sauti ikageuka kuwa kama ndala inayoburuzwa kwenye kokoto. Wateja walicheka kwanza, kisha wakamwonea huruma, kisha wakanunua kwa wengine. Alipokuja hospitali alimwambia Sekela, kwa kukwaruza, "Dokta, mimi sina duka. Duka langu ni hili koo."

Dawa ya vinyama vile ni leza, mwanga mkali uliokusanywa mpaka ukawa mwembamba, unaokata bila kumwaga damu nyingi na bila kuacha kovu nene kama la kisu. Hospitali ilikuwa na mashine moja ya leza. Mshikio wake ulikuwa mnene kama gunzi la mahindi, umetengenezwa kwa kiganja kikubwa kuliko cha Sekela. Mwanga uliwaka kwa kukanyaga kanyagio chini ya meza. Ili mashine ipumzike, ilibidi mtu abonyeze kitufe kilichokuwa kwenye mashine yenyewe, na mashine ilikaa upande wa Mzee Lugano kwa sababu waya wake haukufika kwingine. Hakuna aliyempangia kazi ya kubonyeza kitufe. Kazi ilimkuta pale alipokaa.

Saa nne na dakika ishirini, basi, Sekela alikuwa amemaliza upande mmoja wa koo. Mkono wake ulikuwa umechoka. Akasema nyuma ya barakoa, "Zima."

Mzee Lugano, macho yake kwenye skrini ya mapigo ya moyo, akajibu, "Mzima, Dokta."

Sekela akaridhika. Akalaza mshikio juu ya kitambaa kifuani kwa mgonjwa, akageuka kuchukua pamba, na kisigino chake kikagusa kanyagio.

Moshi ulitoka kabla ya mtu kuelewa. Bupe alimwaga bakuli zima la maji, yakamlowesha mgonjwa, meza na viatu vya daktari. Kitambaa kilibaki na tundu la ukubwa wa punje ya dengu, na chini yake ngozi ya Mnadi ilikuwa na doa jekundu, si zaidi. Lakini moto karibu na hewa ya mgonjwa si jambo la kuendelea nalo. Upasuaji ulisimamishwa. Mnadi aliamka na nusu ya vinyama vyake, akajaribu kuuliza kilichotokea, na ikatoka sauti ile ile ya ndala na kokoto.

Alhamisi kulikuwa na kikao. Mganga Mfawidhi wa hospitali alikuwa na haraka, kama kawaida ya wafawidhi. Kila aliyeulizwa alisema mashine imejiwasha. Sekela mwenyewe alisema, "Niliomba izimwe, nikajibiwa imezimwa." Basi ikaonekana wazi: mashine ni mbovu, ifungiwe stoo. Wagonjwa wa koo wapelekwe Dar es Salaam, na wasio na nauli wakatwe kwa kisu. Mfawidhi alikuwa ameshafunga kalamu.

Hapo Mzee Lugano akanyoosha mkono.

"Mashine haina kosa," alisema. "Haikuzimwa."

"Ulijibu kwamba imezimwa, Mzee," Sekela akasema.

"Sikujibu hivyo. Wewe ulisema 'Zima.' Mimi nilikuwa naangalia moyo wa mgonjwa, nikasikia 'Mzima?' kama unavyoniuliza kila siku. Nikajibu, 'Mzima, Dokta.' Wewe nawe ukasikia 'Zima, Dokta,' kama mtu anayethibitisha. Mimi nilimjibia mgonjwa, wewe ukapokea jibu la mashine."

Mtu mmoja akacheka. Kisha kila mmoja akaanza kuhesabu kichwani ni mara ngapi maneno hayo mawili yalipita kati ya barakoa mbili.

"Mzee," Mfawidhi akasema taratibu, "hilo ungeweza kutolisema. Unastaafu mwezi wa kumi."

"Ningenyamaza, mngefungia mashine na kosa mngeliacha nje, kwenye midomo yetu. Lingemngojea mgonjwa mwingine."

Mzee Lugano alipewa onyo, katika mwaka wake wa mwisho wa kazi iliyokuwa haina hata doa moja. Na mashine haikufungiwa stoo. Mfawidhi alitoa miezi mitatu. Kabla ya miezi hiyo kwisha wamwonyeshe njia ya kufanya kazi ambayo kosa lile haliwezi kurudi, wakishindwa, iende stoo.

Sasa ikaja zamu ya Bupe.

Wengi waliona jambo ni dogo: mseme "ofu" kwa Kiingereza, mambo yaishe. Bupe aliwavalisha barakoa, akawasha mashine ya kufyonza inayonguruma, akawaambia waseme. "Ofu" ikatoka kama mtu anayepuliza chai. Wakajaribu "acha." "Acha naisema kwa wanafunzi kila dakika," Sekela akasema. Wakajaribu "funga," na muuguzi mwenzake Bupe akaanza kutayarisha uzi wa kushonea, kwa sababu kufunga katika chumba kile ni kufunga kidonda. Wakajaribu "simama," na Mzee Lugano, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake, akasimama.

"Kaa, Kaseti," Bupe akasema. "Kumbe tunatafuta neno ambalo humu ndani halina kazi nyingine."

Alizunguka nalo siku kadhaa. Alilisikiliza kila neno lililosemwa humo kuanzia kunawa mikono hadi kuvua glovu, akiyakataa moja moja. Mwisho akaja asubuhi moja amechangamka.

"Giza," alisema.

"Giza nini?"

"Hii kitu ni mwanga. Mwanga ukiondoka kinabaki nini? Na ni nani amewahi kusema 'giza' kwenye chumba chenye taa kubwa kama ile? Haifanani na mzima, haifanani na uzi, haifanani na kitu chochote mnachoniomba. Na mtu yeyote aruhusiwe kulisema, hata anayepiga deki. Likisemwa, mwenye mshikio hajibu, hafikiri, hamwangalii aliyesema. Anaacha kwanza. Maswali baadaye."

Walilijaribu nyuma ya barakoa, mashine ya kufyonza ikinguruma. Kila mara lilifika lilivyotoka.

Lakini neno halina mkono. Daktari anaweza kulisikia vizuri kabisa na bado kitufe kikawa upande wa pili wa meza. Hapo ndipo ikaja zamu ya Asajile.

Asajile alianza kwa kutosema chochote. Alikaa kwenye kantini na kumwangalia Sekela akila. Siku ya pili Sekela akashindwa kuvumilia.

"Fundi, nina mchuzi usoni?"

"Usile hilo tonge, Dokta."

"Kwa nini, lina nini?"

"Nipe."

Sekela alikuwa amefinyanga tonge la ugali kama kila mtu anavyofinyanga, kidole gumba kikaacha shimo upande mmoja na vidole vitatu vikaacha mabonde upande wa pili. Asajile alilipokea kwenye sahani safi kama mtu aliyepewa yai, akaondoka nalo. Wiki ile alikusanya matonge ya madaktari na wauguzi wote wa upasuaji. Bupe alimwambia kama ni njaa aseme, watu wachange.

Haikuwa njaa. Mkono wa mtu ukifinyanga tonge haukazi wala haulegei. Unashika kwa nguvu inayotosha tu, na unaweza kufanya hivyo mlo mzima bila kuchoka. Asajile alichukua umbo hilo akalitumia kutengeneza mshikio mpya, mwepesi, wa kuvalishwa juu ya waya wa leza. Palipokuwa na bonde la kidole cha shahada akaweka kitufe laini. Mwanga uliwaka pale tu kidole kilipobana na mguu ukakanyaga, vyote viwili kwa pamoja. Kidole kikiachia, mwanga unakufa. Mshikio ukilazwa, umekufa tayari, hata ukanyage kanyagio kwa miguu miwili. Kitaa kidogo mgongoni kilionyesha kama kitu kiko hai.

Wa kwanza ulivunjika. Wa pili ulipata joto, Asajile akautupa mwenyewe kabla hajaambiwa. Wa tatu waliujaribu kwenye nyanya, kisha kwenye vipande vya nyama mbichi, kisha mbele ya kamati ya usalama ya hospitali, ambayo iliulaza, iliuangusha, iliukanyagia kanyagio na kuulowesha. Haukuwaka hata mara moja pasipotakiwa. Kamati ikaruhusu.

Mnadi alirudi katikati ya Juni. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana, lakini hakuacha kufanya biashara nayo. Walipomzunguka kitandani kumweleza kuhusu mshikio mpya, akakwaruza, "Kinaitwaje hicho kidude?"

"Hakijapewa jina," Mfawidhi akajibu.

"Basi mimi nitakipa. Nikipona, neno langu la kwanza nitalisemea sokoni, juu ya belo langu. Litakuwa jina la mtu aliyenirudishia sauti. Na hicho kidude mkiite hivyo hivyo."

Mfawidhi alikubali papo hapo. Alikuwa ameepushiwa kikao kizima.

Mzee Lugano ndiye aliyemlaza tena, maana hakuna mwingine aliyeijua njia nyembamba ya hewa ya mgonjwa yule kama yeye. Kazi ilikwenda vizuri. Sekela alishika mshikio kama anavyoshika tonge, na vinyama vikawa vinatoweka kimoja baada ya kingine. Kilibaki cha mwisho, kidogo, kimekaa kwenye ukingo kabisa wa uzi wa sauti. Sekela akakilenga, kidole kimebana, mguu umekanyaga.

"Giza!" Mzee Lugano akasema.

Kidole kikaachia. Sekela baadaye alisema hakumbuki kuamua. Mwanga ukafa, na wakati ule ule koo la Mnadi likaruka, kikohozi kikubwa cha mtu aliyelala. Uzi wa sauti, ule mzima, ukapita hasa pale mwanga ulipokuwa.

Mzee Lugano aliongeza dawa, akasubiri, akahakikisha. Kisha Sekela akamalizia.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo palipo na mtego. Aliyeona kikohozi kinakuja kabla ya mwingine yeyote ni Lugano. Neno lililofika bila kupotea njiani ni la Bupe. Kilichotii kwa wakati ni cha Asajile. Ondoa mmoja wao, yeyote umtakaye, na Mnadi anaamka bila sauti maisha yake yote.

Baada ya upasuaji Mnadi aliamriwa kunyamaza kabisa, hata kunong'ona marufuku. Kwa mtu wa kazi yake ilikuwa kama kumfunga ng'ombe mdomo karibu na majani. Siku zilipotimia Sekela alimwangalia koo, wenzake watatu wakiwa pembeni, akatabasamu, akampa sharti.

"Kesho sokoni utasema neno moja. Moja tu, kwa sauti ya kawaida, hakuna kupiga kelele. Mengine tutaongeza polepole."

Mnadi akanyoosha kidole kimoja kuonyesha ameelewa. Kisha akawaelekezea mkono Lugano, Bupe na Asajile mmoja mmoja, akainua mabega, akamwelekezea Sekela. Akafumba macho na kulaza shavu kwenye kiganja. Maana yake ilikuwa wazi: mimi nilikuwa nimelala, wewe ulikuwa macho, wewe ndiye utakayeniambia jina.

Jioni ile wanne hao walikunywa chai kwenye karakana ya Asajile.

"Mimi jina langu ni fupi," Bupe akaanza. "Silabi mbili. Kwa afya ya mgonjwa, naona hakuna mjadala."

"Hata 'Giza' ni silabi mbili," Asajile akasema. "Tukiite Giza."

"Hapo umenipa mimi, Fundi. Asante."

Wakacheka. Kisha Mzee Lugano akaweka kikombe chini.

"Nimelaza watu miaka thelathini," alisema. "Wanapoamka wanamshukuru daktari. Mimi ndiye mtu wa mwisho wanayemwona kabla ya kulala, na ndiye wa kwanza wanayemsahau. Sitadanganya. Ningependa jina langu libaki humu nikiondoka."

"Mzee, nakuheshimu kama baba yangu," Bupe akasema, "lakini bila kosa lako kusingekuwa na cha kutengeneza. Tunatoa zawadi kwa kuunguza kitambaa?"

"Kwa kulisema, mwanangu. Kuunguza tuliunguza wote. Ninyi mngetengeneza nini, kama mngeamini mashine ni mbovu?"

Bupe akazungusha kikombe chake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Neno likishazoeleka halina mwenyewe. Mwaka ujao wanafunzi watasema 'giza' wakidhani lilikuwapo tangu zamani. Nami nitakuwa nawapa mkasi."

Wote wakamgeukia Asajile. Alikuwa anafuta mshikio kwa kitambaa laini.

"Hiki nimekitengeneza," alisema. Wakadhani amemaliza. "Kikivunjika nitaitwa mimi. Nilidhani kikifanya kazi nitaitwa pia."

"Na wewe je, Dokta?" Mzee Lugano akauliza. "Kidole kilichoachia ni chako."

"Mimi ndiye niliyesema 'Zima' na nikakanyaga bila kuangalia," Sekela akajibu. "Nitoeni."

"Unganisha majina yote matatu," Bupe akapendekeza. "Bulugasa."

"Hilo ni jina la ugonjwa," Asajile akasema, na kicheko kikawarudia, ingawa hakikukaa sana. Kila mmoja alikuwa amesema anachokitaka mbele ya wenzake, na kusema hivyo hakurudishwi. Waliagana kwa mikono yote miwili, wakimwambia Sekela kwamba lolote atakaloamua ni sawa. Sekela alijua kwamba kwa wawili kati yao halitakuwa sawa kabisa.

Alikwenda nyumbani akawapima. Alimchagua Lugano, akaona uso wa Asajile. Alimchagua Asajile, akasikia sauti ya Bupe imeshuka. Alimchagua Bupe, akakumbuka Oktoba.

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, alikwenda Mwanjelwa mapema. Habari zilikuwa zimemtangulia. Wauza viatu walikuwa wamesogeza meza, mtu wa redio amezima redio yake, na wanawake wa vitunguu wamesimama wakiwa na mizani mikononi. Lugano alikuwa amevua kofia. Bupe alikuwa amevaa kitenge kipya akijifanya ni cha siku zote. Asajile alikuwa anakagua mguu wa meza ya mtu, kama vile alikuja kwa ajili ya huo.

Mnadi alisimama juu ya belo lake, shati limepigwa pasi, midomo imefungwa. Soko lililozoea kupigiwa kelele lilinyamaza lenyewe ili limsikie akisema kwa sauti ya kawaida. Akainama na kumtegea Sekela sikio.

Sekela alipanda juu ya kreti la soda, akakinga mdomo kwa kiganja, na akamnong'oneza jina moja. Mnadi akaitikia kwa kichwa, akajinyoosha, akavuta pumzi.

Haya, wenzangu, nimefika mwisho wa ninachokijua. Yupo aliyesema ukweli uliomgharimu, yupo aliyepata neno, na yupo aliyelipatia neno hilo mkono. Koo la Mnadi leo lina nafasi ya jina moja. Kama ungekuwa wewe juu ya kreti lile, ungemnong'oneza lipi, na wale wawili waliobaki ungewaangalia vipi ukishuka?